Bustani ya Majini Aliyoiotesha Msusi

"Taratibu na kona hiyo! Kioo kikipasuka mtanitambua!"

Msusi aliisikia sauti ya mpenzi wake tangu akiwa kwenye ngazi. Alikuwa amerudi nyumbani mchana kuchukua rasta alizosahau, akakuta sebule yake imejaa ndoo na wapagazi wawili wanavuta maji kwa mpira kutoka kwenye tangi la samaki.

Na lile halikuwa tangi la hivi hivi. Lilikuwa bustani nzima chini ya maji: kisiki, mawe, njia ya mchanga, majani mekundu kwa nyuma. Mpenzi wake, ambaye watu walimwita Mchoraji kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba, ndiye aliyeichora kwenye karatasi. Basi, akaishia hapo. Msusi ndiye aliyepanda nyasi shina kwa shina kwa kibanio, akapogoa, akapandisha ndoo hadi ghorofa ya tatu kila maji yalipokatika. Miaka miwili, jamani.

"Mnalihamisha?"

"Nyumba yangu imekwisha. Nalipeleka."

Wee! Msusi alipiga kigelegele mpaka mpagazi mmoja akashtuka.

"Mbona hukuniambia, mpenzi? Si ningekuwa nimeshafunga vyombo! Ngoja nianze na sahani."

"Sahani za nini?"

"Si tunahama?"

Wapagazi waliangaliana. Mchoraji akajifuta mikono kwenye pazia la Msusi.

"Ninahama mimi. Naoa Jumamosi."

"Unamwoa nani?"

"Mchumba wangu. Huu mwaka wa tatu."

Msusi akakaa juu ya ndoo.

"Na mimi nilikuwa nani?"

"Usinililie mbele ya watu. Tangi ningeliweka wapi? Kule kulikuwa na vumbi la saruji tupu. Hapa kwako pana nafasi, na wewe una subira."

"Kwa hiyo nilikuwa kitalu chako."

"Umesema mwenyewe. Nilidhani unajua."

Na huyo ndiye aliyekuwa akimwita "roho yangu".

Mpagazi alichomoa sponji kwenye mashine ya kuchujia maji. Ilikuwa nyeusi tititi, inateleza.

"Bosi, na hii?"

"Kaioshe bombani kwa sabuni mpaka itakate. Mke wangu hapendi uchafu."

Msusi aliinuka. Uchafu ule ndio uliokuwa uhai wa tangi. Mle waliishi vijidudu vinavyosafisha maji, ndiyo maana yeye aliisuuza kwa maji ya tangi lenyewe tu. Sabuni ingeviua vyote, kisha wangefuata samaki.

"Sikiliza, hiyo sponji..."

"Nyamaza! Umeshaongea vya kutosha leo."

Akanyamaza.

Jumapili asubuhi, siku moja baada ya harusi, Msusi alikuwa saluni, kichwa cha mteja kimefika nusu. Jumbe za Mchoraji zilikuwa zinaingia mfululizo.

"Maji yamekuwa meupe kama uji."

"Samaki wanahemea juu. Nijibu!"

"Acha roho mbaya, nina wageni."

Hakujibu. Mara ikaita namba ngeni, sauti ya kike.

"Wewe ndiye fundi wa tangi? Mume wangu anasema alikuajiri ulitunze. Niko na wakwe hapa, nimeweka spika."

"Fundi? Tangi lilikuwa sebuleni kwangu, dada. Miaka miwili."

"Mbona alinitumia picha kila Ijumaa, eti anaotesha kwa mikono yake, kwa ajili yangu?"

"Muulize hayo majani mekundu hukatwa wapi ili yachipue."

Akaulizwa. Mtu mmoja akakohoa.

"Samaki wanakufa kwa sababu sponji imeoshwa kwa sabuni," Msusi aliendelea.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilipotaka kumwambia akaniambia ninyamaze. Nilishazoea kumtii."

"Mwongo huyo!" Mchoraji alifoka kwa nyuma. "Ni fundi tu!"

"Kama ni fundi tu, sema hapa asikie. Sema hukuwahi kumpenda," mkewe alimwambia.

Msusi aliishika simu kwa mikono miwili. Aibu ilimjaa, lakini ukweli ni kwamba bado alikuwa anamwomba Mungu yule mwanamume aseme vingine.

"Sijawahi kumpenda," Mchoraji alisema, bila hata kumeza mate. "Hata siku moja."

"Umemsikia, dada?"

"Nimemsikia."

"Hata mimi. Mtu kakulelea zawadi ya harusi yangu miaka miwili, unamkana kama unakataa chai! Siku yangu ikifika utanikanaje? Mama mkwe, pete hii hapa, mshikie mwanao. Mimi narudi kwetu."

"Mke wangu, subiri!"

"Usiniite hivyo! Dada, pole."

Kitu kilianguka huko, mama mtu akaanza kupiga mayowe, simu ikakatika.

Msusi alilia kwa sauti juu ya kichwa cha watu, mpaka mteja akageuka na msuko wake nusu nusu, akamkumbatia bila kuuliza kitu.

Simu ikatetemeka. Mchoraji tena.

"Umefurahi sasa?"

Msusi alijifuta macho kwa taulo la saluni, akaandika, "Hapana." Kisha akaifungia namba yake.