Vifaranga wa Dirishani

Kila Jumamosi Chiriku ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kitambaa. Alifuta kioo cha duka la mama yake, akapanga kalamu na madaftari, akafagia mlangoni, na muda wote huo mdomo haukupumzika. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Jirani yao Mjomba Redio, fundi waliyeishi naye ua mmoja, alizoea kusema kwamba redio zote alizowahi kutengeneza zina kitufe cha kuzimia isipokuwa moja tu, Chiriku.

Jumamosi hiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka, na mama hakuwa na raha. Kadi za sikukuu zilikuwa bado zimejaa rafuni. Ng'ambo ya barabara, duka jingine lilikuwa limetundika maputo na sungura mkubwa wa karatasi. Aliyemchora, kwa kweli, hajawahi kumwona sungura, maana masikio yalikuwa ya punda mtupu. Hata hivyo watu walisimama kumcheka, na wakishacheka waliingia ndani kununua.

"Zisipotoka leo, keshokutwa hakuna atakayezitaka," mama alisema.

Chiriku alichukua kadi moja. Ilikuwa na picha ya kifaranga wa manjano akichungulia kutoka kwenye yai lililopasuka. Zamani aliwahi kumuuliza mama kifaranga anahusiana nini na Pasaka. Mama alimweleza kwamba yai limefungwa kama kaburi, kisha uhai unatoka ndani yake, ndiyo maana watu hutakiana heri kwa mfano huo. Sasa wazo likamjia. Kwa nini watu wakatazame sungura wa karatasi, na uani kuna vifaranga wa kweli?

Vifaranga hao walikuwa wa Mjomba Redio. Kuku wake mweusi alikuwa ameangua juzijuzi tu, na Chiriku ndiye aliyeaminiwa kuwapa maji Mjomba akiwa kazini. Tatizo lilikuwa rangi. Wa kwenye kadi walikuwa wa manjano, lakini hawa wengine walikuwa weusi, wengine madoadoa, na watatu weupe waliofifia. Chiriku aliwachukua wale watatu, akawapaka rangi ya keki kwa sifongo, akawaweka dirishani ndani ya kikapu chenye nyasi kavu, katikati ya kadi.

Mama alimtazama kwa mshangao, akamuuliza kama Mjomba Redio anajua.

"Anajua, mama. Amekubali," alijibu Chiriku. Neno lilimtoka kirahisi mno.

Basi watu wakaja! Watoto walibandika pua kiooni, wazazi wakafuata watoto, na kiongozi wa kwaya akachukua kadi za waimbaji wake wote. Kufikia alasiri rafu ilikuwa tupu. Mama alimkumbatia Chiriku akamwambia amemwokoa. Chiriku alitabasamu, lakini moyoni hakukuwa shwari. Vifaranga walikuwa wameacha kulia. Walijibanza pembeni mwa kikapu wakitetemeka.

Aliwarudisha uani mbio na kuwaachia karibu na mama yao. Yule kuku alijitutumua manyoya, akawakodolea macho, kisha akawadonoa. Chiriku aliwanyakua, akawaosha kwa maji na sabuni hadi rangi karibu yote ikaisha, akawarudisha tena. Safari hii kuku alimpiga mmoja kichwani mpaka damu ikatoka. Chiriku aliwafungia wote bandani hivyohivyo, akakimbilia ndani na kujifunika shuka kama mgonjwa. Akajiambia kwamba kuku atatulia tu. Nafsi ikamwambia, mwongo wewe.

Jioni alisikia Mjomba Redio akimwita. Alimkuta amesimama kando ya banda, vifaranga watatu kwenye kiganja chake, na kisu juu ya kigogo.

"Kuku huyu ameharibika," alisema kwa huzuni. "Nimemfuga tangu akiwa mdogo. Lakini anayedonoa watoto wake atawamaliza wote. Nenda kaniletee maji ya moto jikoni, mpwa wangu."

Chiriku hakusogea. Kuku alikuwa amefungwa miguu, amelala ubavu, akimtazama kwa jicho moja. Mjomba Redio alimuuliza leo kimemkuta nini, mbona yuko kimya. Akisema, Mjomba hatamwamini tena, na mama atajua kwamba alidanganywa mchana kweupe. Asiposema, kuku asiye na kosa atachinjwa kwa ajili yake. Alijikaza.

"Mjomba, kuku hajaharibika. Ni mimi." Machozi yakamtangulia, lakini alisema yote: rangi, dirisha, sabuni, na uongo aliomwambia mama. Mama, aliyekuwa anaanua nguo, alisikia kila neno.

Mjomba Redio alikiondoa kisu kwenye kigogo. Kisha akainama, akamfungua kuku kamba. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko fimbo. Alileta sanduku la redio mbovu, akafunga balbu ndani, akawaweka wale watatu wapate joto. Chiriku alimpaka dawa aliyeumia. Kiza kilipoingia na kuku akaanza kusinzia, Mjomba aliwapenyeza mmoja mmoja chini ya mbawa zake, akasema kwamba walimjia na sura ngeni baada ya kupotea kutwa nzima, na sasa kilichobaki ni kungoja.

Asubuhi ya Pasaka Chiriku alikuwa bandani kabla ya mtu yeyote. Kuku alinyanyuka, na vifaranga wakamwagika kutoka chini yake wote, weusi, madoadoa na weupe, hata yule mwenye upara wa kidonda. Chiriku aliketi chini akalia kwa faraja.

Mama alikuja akasimama nyuma yake. "Nilikufundisha maana ya ile picha," alisema. "Kuipamba sikukuu si kosa, na kuvutia wateja si kosa. Lakini ulichukua uhai wenyewe ukaufanya pambo, tena kwa uongo. Biashara ya namna hiyo siitaki, hata rafu ikibaki imejaa. Ulipokosea ni jana asubuhi. Uliporekebisha ni pale uliposema kweli na kisu kiko tayari."

Mchana Chiriku alimpelekea Mjomba Redio kadi aliyoichora mwenyewe. Aliandika, "Heri ya Pasaka, Mjomba. Nisamehe." Juu yake kulikuwa na kifaranga. Hakuwa wa manjano. Alikuwa mweupe aliyefifia, na upara kichwani.

Mjomba Redio aliisogeza kadi machoni, akacheka kidogo.

"Huyu namfahamu," alisema. Kisha akampa Chiriku kopo la maji ya vifaranga, kama siku zote.