Chipu Iliyokwanguliwa Namba

Yaliyomkuta shoga yangu, fundi redio, yalininyima mimi usingizi. Yeye hayakumnyima hata chai. Mjomba wake alimletea chipu iliyong'olewa kwenye mitambo chakavu, namba ya kutambulisha aina yake imekwanguliwa.

"Ukishindwa kuitambua, binti, karakana nampangisha mwingine."

"Kaa hapo nje usubiri, mjomba. Usisinzie."

Alifunika dirisha ili aone vizuri taa ndogo ya kipimo, akaunga betri na spika, akagusa kwa waya mguu mmoja mmoja wa chuma wa chipu. Kwenye mguu wa nane spika ikatoa pumzi ya mtu aliyechoka. Akachomoa betri. Pumzi ikaendelea. Akakata waya wa spika. Ikaendelea gizani, karibu na sikio lake.

"Hema utakavyo, jina utapata," akasema. Akaibana chipu kwa vidole, akaandika daftarini: chipu ya sauti.

Ndipo miguu yote minane ikajikunja polepole, ikamshika kidole.