Aliyeachia Mkono Pangoni

"Pete nimemwachia mama yako. Usinitafute."

Mwongoza watalii aliusoma ujumbe huo mara ya tano, kisha akainua macho. Aliyeutuma alikuwa mbele yake, mdomoni mwa pango: mchumba wake, fundi cherehani, futi ya kupimia ingali shingoni. Alikuja kwa kubembelezwa na mama mkwe mtarajiwa. Bahari ilikuwa imekupwa, mawe yote yamejaa mwani.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kuna mwingine."

"Mwingine gani? Naokoa roho yako, wewe!" Sauti ikamkatika. "Siku ile uliponileta humu, pale njia ilipo nyembamba, niliteleza nikakuachia mkono. Na wewe mwenyewe ulisema anayeachia kwanza humzika mwenzake kabla ya mwaka kwisha."

Hadithi hiyo mwongoza watalii aliisimulia kila siku, kwa kila kundi, kwa sauti nzito ya kizee. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa ameshafika chini.

"Mpenzi, ile nimeitunga mimi."

"Umeitunga?"

"Wageni walikuwa wanaanguka pale. Nikiwaambia washikane mikono, hawasikii. Nilipowatia hofu ya mizimu, wakagandana kama kupe. Pango lenyewe limechimbwa na mawimbi tu."

"Wiki tatu silali! Nguo za watu nazilowesha machozi, kumbe nalilia uongo wako?"

"Nisamehe."

"Mimi kwa nini hukuniambia?"

Ukweli ulimtia aibu, lakini aliona uongo ulikomfikisha.

"Ulinisikiliza umekodoa macho, hupepesi. Nikaona raha kuaminiwa hivyo. Nikanyamaza."

"Njia ya mwongo fupi, mwenzangu."

Fundi akavua viatu, akapita pale pembamba peke yake, mikono ameifumbata kifuani makusudi. Hakuteleza. Mwongoza watalii akamfuata mbio, na miaka yake tisa ya kazi isimfae kitu. Puu! Akaketi majini.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akarudi hatua mbili, akanyoosha mkono.

"Shika. Kesho waambie wageni ukweli, kwamba hapa pana utelezi."

"Nitawaambia."

"Pete iko wapi?"

"Mfukoni, mama alinipa. Imelowa."

"Nivishe hivyo hivyo. Kukusamehe, nitakusamehe njiani."