Kioo Kikubwa cha Bibi Asteria

Kila jioni, baada ya kuteka maji na kufungia ndama, Limi alikuwa na kazi moja iliyobaki: kumsomea bibi yake. Bibi Asteria alijifunza kusoma akiwa tayari mama wa watoto watano, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na tangu hapo hakupenda siku ipite bila kushika kitabu. Sasa macho yalikuwa yamechoka. "Herufi zinanikimbia kama vifaranga," alilalamika, "na kusomewa si sawa na kusoma mwenyewe."

Msimu wa pamba wa mwaka 1996 ulipoanza, Maige, baba yake Limi, alimchukua binti yake hadi mjini Mhunze. Yeye alikuwa na shughuli kwenye kituo cha kununulia pamba. "Nenda dukani kwa Jashvant ukamchagulie bibi kioo cha kusomea, kile kinachokuza herufi," alimwambia. "Wewe ndiye unayekaa naye, unajua anavyosoma."

Mzee Jashvant aliitikia shikamoo ya Limi, akaulizia hali ya bibi, kisha akapanga vioo vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa kidogo, chenye miguu mitatu mifupi, kinakaa chenyewe juu ya ukurasa. Cha pili kilikuwa bapa la plastiki, jepesi, lakini maandishi yalipinda pembeni. Cha tatu kilikuwa na upana wa kisosi, kimezungushiwa chuma kinachong'aa na kutiwa mpini mweusi. Limi alipokishika hicho, hakutaka kukiweka chini.

"Kwanza niambie," alisema Jashvant, "mikono ya bibi inatetemeka?"

"Kidogo."

"Anasomea wapi?"

"Kitandani, karibu na dirisha."

"Basi mpelekee hiki chenye miguu. Kinaonyesha maneno machache, lakini hakitamchosha. Hicho kikubwa ni kizito, tena kinakusanya jua. Ukikiacha dirishani bila kukirudisha kwenye mfuko wake, kinaweza kuwasha moto."

Maneno hayo yaliingia sikio moja yakatokea la pili. Limi alikuwa ameshajiona akiwaonyesha wenzake mguu wa sisimizi ukiwa mnene kama kijiti.

"Bibi mwenyewe amesema anataka kikubwa," alidanganya.

Jashvant alikitia kile kikubwa kwenye mfuko wake, akamkabidhi.

Bibi Asteria alikipokea kwa furaha, akasoma mistari michache, kisha mkono ukashuka wenyewe mapajani. "Ni kizuri, mjukuu wangu, ila kinanielemea." Alimpapasa kichwa, maana hakupenda kumvunja moyo mtoto. Mfuko nao haukukaa muda mrefu na kioo chake. Limi aliona unafaa zaidi kuwekea kokoto zake za mchezo wa mdako.

Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, na pamba yote ilihifadhiwa chumbani kwa Bibi kwa sababu chumba hicho hakikuvuja. Lundo lilipanda mpaka chini ya dirisha. Jumamosi moja mchana, Bibi akiwa nje anamenya karanga, Limi aliingia na sisimizi aliyemkamata, akamkagua kwa kioo pale dirishani. Wenzake wakamwita nje kucheza mdako. Aliegemeza kioo dirishani, akatoka mbio.

Aliporudi, alinusa kitu kama kitambaa kinachoungua. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye pamba. Palikuwa na tundu jeusi, dogo kama ncha ya kidole. Limi alilifinya kwa vidole, akajiunguza, akalifinya tena hadi moshi ukakoma. Kisha akalifukia kwa pamba nyeupe na kukificha kioo chini ya mto.

Ungekuwa moto wa nguo au wa majani, pengine ungeishia hapo. Lakini Limi alikuwa mtoto wa mkulima. Alishamsikia baba yake akiwaonya watu wasivute sigara karibu na lundo: moto wa pamba hauonekani, hujizika ndani na kula polepole, na anayedhani ameuzima ndiye anayeunguliwa. Alirudi chumbani kunusa, akatoka, akarudi tena. Safari nyingine hakusikia chochote, safari nyingine alihisi harufu ileile. Aliogopa moto, na aliogopa uso wa baba yake. Pamba ile ndiyo ilikuwa jasho la nyumba nzima.

Jua likielekea kuzama, Maige alirudi na ng'ombe. "Mwadila, mayu," alimwamkia mama yake kwa Kisukuma. Bibi aliitikia, akajikongoja kuinuka.

"Miguu inaniuma. Nakwenda kujilaza kidogo," alisema. Wakamsikia akifunga dirisha kuzuia mbu.

Limi alisimama na ndoo mkononi. Alijaribu kujiambia kwamba tundu lilikuwa dogo. Kisha akasikia kitanda cha Bibi kikilia, kitanda kilichogusana na lile lundo, na ndoo ikamponyoka.

"Baba! Mtoe Bibi! Pamba ina moto ndani. Ni mimi!"

Maige alitupa fimbo ya kuchungia. Aliingia, akambeba mama yake hadi uani, akarudi na jembe huku akipaza sauti kuita majirani. Alipolipasua lundo, katikati palikuwa pekundu kama jiko. Walikokota pamba nje kwa turubai, na ilipokutana na upepo ikalipuka mwali uliowarudisha wote nyuma. Limi alichota maji bila kusimama, huku analia. Walipomaliza, nyumba ilikuwa imesimama, lakini karibu nusu ya pamba ilikuwa majivu.

Limi alieleza yote: kioo, mfuko, na uongo aliomwambia Jashvant. Maige aliokota jembe lake, akalipangusa majivu.

"Kesho tutakwenda wote Mhunze," alisema. "Utamwambia mzee Jashvant ukweli, na utamwomba tubadilishe kioo. Chombo huchaguliwa kwa ajili ya mtumiaji wake, Limi. Wewe ulijichagulia mwenyewe. Na kuanzia mwanzo wa msimu ujao, utapalilia pamba nami kila ukitoka shule."

"Ndiyo, baba."

Limi akamgeukia bibi yake, lakini hakuthubutu kumtazama. "Nisamehe, Bibi."

Bibi Asteria alivishika vidole vya Limi vilivyoungua, akavipuliza.

"Pamba tutalima nyingine," alisema. "Kosa la moto, mjukuu wangu, husemwa lingali moshi. Wewe umechelewa. Lakini umesema nikiwa bado naweza kusikia."