Vidonge vya Shangazi

Kila asubuhi Kidoti ndiye aliyetangulia kuamka. Alichemsha chai, akamnawisha uso mdogo wake, akamvalisha viatu, kisha akagonga mlango wa shangazi yao. Siku hizi aligonga mpaka vidole vikamuuma. Akiitikiwa, ni kwa mguno tu.

Shangazi ndiye aliyewalea tangu wazazi wao walipofariki. Alikuwa fundi cherehani hodari, mcheshi, mtu wa kuimba huku akishona. Lakini mwaka uliopita alianguka akaumia mgongo, akaandikiwa vidonge vya kutuliza maumivu. Mgongo ulipona, vidonge hakuviacha. Daktari alipokataa kumwandikia vingine, alivitafuta kwa njia za panya. Sasa alilala mchana kutwa, cherehani ikijaa vumbi.

Kidoti alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu wake alipoona anachelewa mara kwa mara na kusinzia darasani, aliwaarifu watu wa ustawi wa jamii. Jumamosi hiyo asubuhi, afisa wao alikuwa njiani.

"Akikuuliza, sema naumwa mgongo, basi," shangazi alimwonya. "Ukifungua mdomo watawachukua. Wewe huku, mdogo wako kule. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, lakini macho yake hayakupitwa na kitu. Alizungumza na shangazi kwa muda mrefu, akaangalia jikoni na vyumbani, kisha akaomba kukaa na Kidoti barazani, wao wawili tu.

"Sikuulizi kama shangazi yako ni mtu mwema au mbaya, mwanangu," alisema. "Nisimulie tu siku ya jana, tangu ulipoamka."

Kidoti alijibu, "Shangazi aliamka mapema. Akachemsha chai. Akatuandaa."

"Haya. Na ulipotoka shule, nani alikupokea?"

"Shangazi."

"Mlizungumza nini?"

Hapo Kidoti alikwama. Jana alimkuta shangazi amelala sakafuni kando ya cherehani, na mdogo wake akichezea mkasi.

Kabla hajajibu, mdogo wake alitokea mlangoni. Walimwita Bonge, ingawa alikuwa na miaka mitatu na mwembamba kama uzi. Shavu lake moja lilikuwa limetuna, na midomo yake ilikuwa na unga mweupe.

"Tema!" Kidoti alimrukia, akamtia kidole kinywani, akatoa nusu ya kidonge kilicholowa.

Shangazi alikuja mbio. "Peremende tu hiyo! Huyu na peremende, hamumwezi."

Afisa alimgeukia Kidoti. "Ni peremende?"

Macho ya shangazi yalimsihi anyamaze. Kidoti akamtazama Bonge, aliyekuwa akijilamba midomo. Akapiga moyo konde.

"Si peremende," alisema. "Ni vidonge vyake. Huvificha kwenye kopo la vifungo. Asubuhi vilikuwa sita."

Afisa alilifungua kopo. Vilibaki vitatu.

"Wewe umemeza vingapi leo?" alimuuliza shangazi. "Ukinidanganya sasa, unamdanganya daktari wa mtoto."

Shangazi aliinamisha kichwa. "Kimoja."

"Basi mtoto amekula kimoja na nusu. Twende!"

Walikimbia hadi zahanati ya mtaa wa pili, Bonge akiwa ameanza kulegea mikononi mwa afisa. Muuguzi alielezwa aina ya kidonge, idadi na saa, akampokea bila kupoteza dakika. Kidoti alikaa kwenye benchi roho mkononi. Saa zilitambaa hadi alasiri, ndipo Bonge alipofumbua macho na kudai mkate, tena mkubwa.

Shangazi aliangua kilio. "Sasa mtawachukua?"

"Kazi yangu si kuvunja nyumba," afisa alimjibu. "Ni kujua kama watoto wako salama, na leo hawako salama. Lakini ukikubali kutibiwa, na akapatikana mtu mzima wa kukaa nao, hatutawatenganisha."

"Mama yangu atakuja," shangazi alisema. "Na mimi nitatibiwa."

Kesho yake bibi aliwasili na begi lake na sauti yake ya kuamsha mtaa mzima. Shangazi alianza matibabu. Haikuwa rahisi: alitetemeka, aligomba, siku moja hata alitoroka kituoni akarudi jioni. Afisa aliwatembelea kila wiki. Katika mwezi wa nne wa matibabu, cherehani ilianza kulia tena, na Kidoti hakuchelewa shule.

Hata hivyo, jambo moja lilimkaa moyoni. "Shangazi, nisamehe," alisema siku moja. "Nilitoa siri yako."

Shangazi aliweka kitambaa chini, akamvuta karibu.

"Wa kuomba radhi ni mimi, niliyekufundisha uongo. Nilikuwa mgonjwa, na uongo ule ulikuwa unanizuia nisitibiwe. Sikiliza, mwanangu: mtu mzima akikuomba ufiche jambo linaloweza kumdhuru mtoto, usikubali. Nenda kamwambie mtu mzima mwingine unayemwamini. Hata kama anayekuomba ni mimi."