Pigo la Mwisho la Upatu

Alhamisi magharibi, Bu Ngatinah alibeba sinia la maua na ubani kwenda ukumbi wa gamelani, ngoma yao ya vyombo vya shaba, kama kila wiki. Upatu mkubwa wa shaba ulikuwa umerudi kwa meli kutoka Uholanzi, na mkesha wa Ijumaa upatu haulali bila maua.

Mlangoni akasimama.

Fyuu...

Akatega sikio. Fyuu... Ilikuwa sauti ya kitambaa kikisukumwa kwa kisigino. Mcheza ngoma zao huburuta kitambaa kirefu kati ya miguu, na kila akigeuka hukipiga teke kando. Teke lile alilijua vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Rukmi, binti yake wa pekee.

Na Rukmi walishamzika. Alianguka jukwaani hukohuko Uholanzi, ngoma ikikaribia kwisha, asiamke tena.

"Usiwashe taa," mtu akanong'ona.

Alishtuka. Kumbe ni mumewe, Pak Wiryo, ameketi gizani mbele ya upatu, kirungu cha kuupigia kikiwa mapajani.

Bu Ngatinah akamwinamia sikioni, maana miaka ya kupiga upatu ilikuwa imeshamtia uziwi. "Baba Rukmi, unamsikia?"

"Mimi nisikie nini? Nanusa tu asumini ya nywele zake. Anapita hapa... anarudi... Tangu upatu ufike, hajapumzika."

Hapo Pak Wiryo akatoa lililomkaba rohoni. Rukmi alipoanguka, yeye alitupa kirungu akamkimbilia. Pigo la mwisho halikupigwa. Na ngoma haiishi mpaka upatu uifunge.

"Basi piga."

"Nikipiga ataondoka."

"Na usipopiga?"

Pak Wiryo akakikumbatia kirungu kifuani.

Bu Ngatinah akapapasa sakafu. Ilikuwa na majimaji. Akanusa vidole vyake.

Damu.

Fyuu... Sasa ilikuja polepole, ya mtu anayejikongoja.

"We mwanaume, mtoto amechoka. Nyayo zimemchanika. Utamchezesha mpaka lini?"

Pak Wiryo alilia kwa kwikwi, haoni hata haya. Kisha akainua kirungu kwa mikono miwili.

Guuung...

Mlio ukatambaa sakafuni, ukawapanda magotini, ukafifia. Kile kitambaa hakikusikika tena. Harufu ya asumini ikasogea hadi katikati yao, na sauti ya Rukmi, imechoka, ndogo kama pumzi, ikasema karibu kabisa na sikio la baba yake:

"Mbona umechelewa hivyo, Baba?"

Kisha hapakuwa na mtu.

Pak Wiryo akageuka, uso umelowa. "Nimehisi pumzi yake. Mama Rukmi, amesema nini?"

Bu Ngatinah alimtazama.

"Amesema asante."

Mzee akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Mpaka leo, kila wakikaa kula, humwomba amwambie tena: alisemaje hasa, kwa sauti gani, alikuwa na furaha?

Naye humwambia.