Safu ya Anayeitikia

Siku ya Alhamisi, tarehe 2 Mei 1991, saa kumi na mbili kasorobo jioni, nilikwenda klabu ya wafanyakazi kubandika orodha ya nyimbo. Ilikuwa kazi yangu ya kila wiki. Niliipiga chapa orodha hiyo kwa mashine ya ofisini, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni, nikazipachika kwenye misumari mitatu nyuma ya jukwaa.

Bendi yetu ya bluzi tuliianzisha tarehe 4 Februari 1988, na tangu siku hiyo hatukukosa Alhamisi hata moja, mpaka msiba ulipotufika. Mimi niliimba na kupiga besi. Mwalimu wa hesabu alipiga gitaa. Ngoma zilikuwa za fundi saa, ambaye walevi wa meza ya mbele hawakuchoka kumuuliza kama mapigo yake nayo yanahitaji betri mpya. Na mdogo wangu, tuliyemwita Pumzi, alipuliza kinanda cha mdomo.

Msomaji asiyeijua bluzi na aelewe jambo moja. Mwimbaji huimba mstari, kisha hunyamaza; na katika kimya hicho chombo humwitikia. Huurudia mstari uleule, akaitikiwa tena, ndipo mstari wa tatu hufunga ubeti. Kwa sababu hiyo orodha zangu zilikuwa na safu mbili: Anayeita, na Anayeitikia. Kwa miaka mitatu safu ya pili ilikuwa na jina moja tu.

Pumzi alifariki Jumapili, tarehe 14 Aprili, kwa maradhi ya kifua, akaacha mke na binti wa miaka minne. Tulipojiandaa kurudi jukwaani kwa mara ya kwanza, wenzangu wa bendi walinishauri nilitoe jina lake orodhani. Nilikataa. Ofisini tulifundishwa kwamba jalada lisilofungwa, mwenye nalo yuko kazini. Nami sikuwa na mkono wa kulifunga jalada la mdogo wangu. Nililiacha jina mahali pake, katika nakala zote tatu.

Jioni hiyo ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya meza. Nilipokwisha kubandika, niliimba mstari wa kwanza, polepole, bila kipaza sauti. Kisha nikanyamaza, kama ilivyokuwa mazoea yetu.

Kimya...

Ikanijia harufu ya peremende. Pumzi hakupuliza kamwe bila kwanza kumung'unya peremende.

Halafu nyuma yangu, karibu kabisa na kisogo, mtu alivuta hewa.

Kinanda kikaitika.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Nywele zilinisimama, lakini nakiri kwamba machozi yalitangulia hofu.

Onyesho lilipoanza, wenzangu nao walikisikia kinanda. Fundi saa aliangusha kijiti. Mwalimu alidai kuwa waya wa spika umeharibika, ingawa alijua vyema kama mimi kwamba waya haujui nyimbo zetu. Watu walipiga makofi, wakidhani tumepata mpulizaji mpya mwenye haya, aliyejificha nyuma ya pazia. Wiki ya pili ukumbi ulijaa. Wiki ya tatu watu walisimama milangoni. Nami, Mungu anisamehe, kila Alhamisi nilikirefusha kimya kile, ili aitike kwa kirefu zaidi.

Jumatatu, tarehe 3 Juni, shemeji yangu, mjane wa Pumzi, alinifuata ofisini. Alikataa kiti. Alinieleza kwamba tangu mwezi uliopita mtoto alikuwa akibanwa kifua kila Alhamisi. Alimpeleka hospitali mara mbili, wakampima, wasione kitu. Humwanza saa kumi na mbili jioni. Humwachia saa tatu.

Zilikuwa saa zetu jukwaani.

"Shemeji," alinong'ona, "watu waliomzoea mume wangu wameniambia ni nani anayewapulizia."

Nilitazama meza yangu.

"Maiti hana pumzi. Hiyo anayopulizia anaitoa wapi?"

Nilimsogezea kiti tena; hakukitazama.

"Alhamisi iliyopita midomo ya mtoto iligeuka rangi. Mimi nami nilimpenda baba yake, shemeji. Lakini usimwite tena. Nimebaki na huyu mmoja."

Alhamisi, tarehe 6 Juni, nilichukua kalamu ya wino mwekundu. Sikulifuta jina, kwa maana kumbukumbu haifutwi. Nilipiga mstari juu yake, nikaandika tarehe, nikatia sahihi katika kila nakala. Wenzangu walisoma. Mwalimu alinigusa bega, akaenda kukaza nyuzi zake.

Nikaimba mstari wa kwanza. Harufu ya peremende ikanijia. Nyuma ya kisogo hewa ikavutwa...

Sikunyamaza.

Niliunganisha mstari wa pili na wa tatu, bila kuacha hata upenyo wa sindano. Hewa ile ilibaki imeshikwa, kama ya mtu aliyefungua kinywa akakatizwa. Wimbo baada ya wimbo niliimba hivyo, huku meza ya mbele ikiuliza tunawahi basi gani. Katikati ya wimbo wa mwisho, sauti niliyoijua tangu utoto ilininong'oneza sikioni.

"Kaka... nimekosa nini?"

Niliongeza sauti. Nikaimba mpaka mwisho.

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda kwa shemeji. Mtoto alikuwa ameketi kizingitini akila mkate, akipumua vizuri. Mama yake alinishika mikono yote miwili, akalia kwa muda mrefu. Kisha aliniuliza kama marehemu alitamka lolote. Nilimjibu kwamba hakutamka neno, na kwamba ameondoka kwa amani.

Mtoto aliacha kutafuna, akaniinulia macho.

"Baba mkubwa," akauliza, "baba amekosa nini?"

Mama yake alitabasamu katikati ya machozi, akidhani ni maneno ya kitoto. Binti yule leo ni mama wa watoto wawili, mzima wa kifua, na hajaniuliza tena. Lakini jibu sijalipata, la kumpa yeye wala aliyemtuma.